Rangi ya Uso wa Semahoro

Septemba 10

Mvua ya kwanza ya msimu imenyesha tangu alfajiri. Naandika kwa sababu mikono haina kazi, na nyumba imejaa watu ambao wote wananiangalia usoni, wanangoja nitafanya nini.

Habari ilifika Jumapili tukitoka kanisani. Baba mdogo Natanaeli, mdogo wa baba yetu, alikuja mpaka mlangoni, akavua kofia, akabaki nayo mkononi. Kaka yangu Semahoro ndiye aliyebaki kule milimani, Kivu ya Kusini, na ng'ombe wa baba, sisi tulipokimbilia huku Nakivale, kambi ya wakimbizi ya Uganda. Alishikwa na homa, barabara zimefungwa, dawa haikufika. Wamemzika Ijumaa.

Mama hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja. "Nani alimuona na macho yake?"

Baba mdogo akasema wamemwona wengi, tena kuna video, imetumwa kwenye grupu ya familia. Mama akaomba simu. Jicho lake la kushoto lilizimika mwaka jana, na la kulia anaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Akaisogeza simu mpaka ikagusa pua. Aliangalia mpaka mwisho, akairudisha.

"Iyi ni giza tu," akasema. "Mutu iko wapi?"

Nikaichukua mimi. Kweli, ni giza. Aliyepiga alisimama ndani ya nyumba akielekea mlango ulio wazi, kwa hiyo mlango umekuwa mweupe kama maziwa na kila kilicho mbele yake ni cheusi. Watu weusi, kitanda cheusi, na juu ya kitanda ni weusi mwingine tu. Mimi ni mpiga video za harusi. Jambo la kwanza lililonijia kichwani ni kwamba huyu mjinga angeupa mlango mgongo tu, basi. Hicho ndicho nilichohisi. Sina kingine cha kuandika.

Septemba 11

Watu wamekaa. Chai, nyimbo, mvua.

Septemba 13

Kwetu, kilio kikiwa hakijamalizwa, nyumba hiyo haishiki jembe. Kanisa linasema tuachane na hayo. Baba mdogo ni mzee wa kanisa, na alipofiwa na mke wake naye hakugusa jembe. Kwa kawaida zinapita siku chache, mnakaa, mnaomba, mnakunywa maziwa, kilio kinaisha na watu wanarudi shambani. Leo baba mdogo alitaka tumalize.

"Mama Semahoro," alisema taratibu, "batu banapanda maharage. Mvua haitatungojea."

"Muende mupande. Miye siwezi maliza kilio ya mutu mwenye sijaona."

"Video tulikuonyesha."

"Mulinionyesha mulango."

Alisema kweli. Shamba letu liko nyuma ya nyumba na linakunywa mvua bure. Mwaka huu chakula cha mgao kimepunguzwa tena, kwa hiyo bila maharage sijui tutakula nini mwezi wa kwanza. Nalijua hilo vizuri sana kichwani. Chini ya kichwa hakuna kitu.

Septemba 14

Nimerudi kazini. Studio ya Vénant ni chumba kimoja pale senta, kati ya kinyozi na duka la mbegu. Vénant ni Mrundi, Mkatoliki, mtu wa domo kweli kweli. Yeye anapiga picha za pasipoti mbele ya shuka, mimi nakata video za harusi na kwaya. Alinipa pole, akanifungulia soda, kisha akanyamaza muda mrefu, jambo ambalo kwake ni sawa na kufunga na kuomba.

Nikaiweka ile video kwenye kompyuta. Chombo pekee nilichokijua ni kile cha kuongeza mwangaza: unavuta kulia, picha inang'aa. Nikavuta. Mlango ukala ukuta mzima, na ule weusi ukageuka kijivu. Uso haukutoka.

"Bon, Benitha," Vénant akasema nyuma yangu. "Hapo umepika uji."

Septemba 18

Mama ametamka rasmi. Akimwona Semahoro usoni, atalia, kilio kitaisha, tutalima. Asipomwona, tukae. Na jicho la kulia linazidi kufunga, anajikwaa hata kwenye figa. "Fanya mbio," ameniambia, kama vile mtu anayemtuma mtoto dukani.

Basi natafuta. Kompyuta ya Vénant inaongea Kifaransa, ndivyo alivyoinunua. Nimefungua kila kabati la programu nikitafuta neno rangi. Nimepata kubadili picha kuwa ya zamani, kuweka nyota, kuweka mioyo inayopaa juu ya bibi harusi. Mioyo ninayo mingi. Cha kumtoa mtu gizani sijakipata.

Septemba 19

Mvua. Majirani wamemaliza kupanda.

Septemba 21

Harusi kule Rugaaga. Bibi harusi alizama kwenye tope mpaka kifundo, watu wakacheka, yeye mwenyewe akacheka. Nilipiga vizuri. Mlango niliupa mgongo.

Septemba 25

Nimekipata, na nimejiona bwege.

Chini kabisa ya dirisha la programu kuna safu ya vyumba, kimoja cha kukatia, kimoja cha sauti, cha mwisho cha kutolea. Katikati kuna kimoja kinachoitwa étalonnage. Shuleni kule nyumbani neno hilo tulilisikia kwenye somo la vipimo, mambo ya kusawazisha mizani. Kwa hiyo tangu nianze kazi hii nimedhani ni chumba cha kupimia kitu, labda ukubwa wa faili, na sikuwahi kukigusa nisije nikaharibu. Leo nikakibonyeza kwa hasira tu.

Kumbe kwa watu wa video ni kusawazisha rangi. Ndani kuna magurudumu. Moja la vivuli, moja la katikati, moja la mwanga. Ukizungusha la vivuli, vivuli peke yake ndivyo vinavyoinuka, mlango unabaki pale pale. Nililigusa kidogo. Kwenye kitanda pakatokea sikio.

Kisha kompyuta ikaganda. Nikaiwasha tena, ikaganda tena. Vénant akaipapasa ubavuni kama mbuzi mgonjwa.

"Hii mashine ni ya harusi tu," akasema. "Kazi hiyo kaombe mjini Mbarara, kwa Mbabazi mwenye studio."

Septemba 30

Sikio. Nalifikiria hata nikichota maji. Silifikirii kwa huzuni, nalifikiria tu.

Oktoba 3

Tuko Mbarara. Nimempeleka mama hospitali ya macho pale Ruharo. Daktari alikuwa mpole, alimshika mama mkono muda wote akieleza kwa Kinyankore, ambacho tunakisikia. Ni presha ya macho. Kilichokwisha kupotea hakirudi. Dawa ya matone inaweza kulinda kile kipande kilichobaki, kwa muda gani hawezi kuahidi. Anataka kumwona tena wiki hii, kwa hiyo tumelala kwa mama mmoja wa kanisa letu anayekaa huku.

Njiani mama aliuliza, "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi fanya mbio."

Oktoba 4

Mbabazi ana studio juu ya duka la vitambaa. Ni Mnyankore, mpana, anaongea Kiswahili alichookota kambini alipokuwa mpishi wa wanajeshi. Nilimwambia nataka kompyuta yake asubuhi, na mchana nitamkatia harusi zake.

"Hapana shida, nyabo," akasema, ndivyo huku wanavyomwita mwanamke kwa heshima. "Mimi iko na harusi mingi, mikono hapana."

Kompyuta yake haigandi. Nimeinua vivuli polepole. Kwanza blanketi, kisha mkono, kisha kidevu. Ukiinua sana zinatokea chenga, kama mchanga unaotembea juu ya picha, na kuna chombo cha kuzipunguza. Halafu unachora duara kuzunguka uso, unaiambia programu ifuate duara hilo hata mkono wa mpigaji ukitetemeka, na unang'arisha ndani ya duara tu. Saa ya chakula uso ulikuwa umetoka wote. Ulikuwa na rangi ya jivu na kijani kidogo kwenye mdomo.

Nikasema, hii sijaimaliza. Nikaenda kukata harusi za Mbabazi.

Oktoba 5

Leo Mbabazi amenifundisha kitu kipya. Kuna chati ya duara pembeni, inaonyesha rangi zote za picha kama wingu la vumbi. Kuna mstari mmoja umekatiza.

"Huu ni mstari ya ngozi," akasema. "Mzungu, Mhindi, sisi, wote naanguka hapa. Weusi na weupe ni giza na mwanga tu. Rangi ni moja, ni ya damu."

Nikauangalia uso wa Semahoro kwenye chati. Vumbi lake lilikuwa nje ya mstari, limeelekea kijani.

"Kamera alikosa," Mbabazi akasema. "Rudisha yeye kwa mstari. Huyu ndugu yako? Nalala? Iko mgonjwa?"

"Ndiyo," nikasema.

Sijui kwa nini nilisema ndiyo. Ilikuwa rahisi.

Kazi yetu ni hiyo siku zote: vipande viwili vya mtu mmoja lazima vifanane, la sivyo wateja wanalalamika kuwa bwana harusi ameingia kanisani mweusi akatoka mwekundu. Kwenye simu ninayo video ya Semahoro ya mwaka jana, amesimama kwenye zizi anatusalimu. Nikaiweka kushoto, ile nyingine kulia. Nikazungusha gurudumu la katikati kuelekea joto, upande wa wekundu, nikakoleza, nikaondoa kijani mdomoni. Nikafananisha. Vumbi likatembea, likakaa juu ya mstari. Nilifurahi, kama mtu anayefurahi vitabu vikipangwa sawa kwenye rafu.

Oktoba 7

Mama amepewa dawa, tumerudi Nakivale. Mahindi ya jirani yamefika gotini. Kwetu ni majani.

Oktoba 9

Nitaandika yote, kisha nilale.

Vénant alileta televisheni ya studio kwa boda, ameikumbatia njia nzima, na betri. Baba mdogo alikuja, majirani wachache, wamama wa kanisa na maziwa yao tayari kwenye jagi, kwa sababu wote tulijua leo kilio kinaisha. Mama tukamketisha karibu kabisa na kioo. Nikawasha.

Mlango mweupe, watu, kitanda. Kisha uso, mkubwa, safi. Nilikuwa nimeusimamisha pale.

Lazima nieleze kwamba mama anataja rangi zote kwa ng'ombe. Ukimuuliza sweta yake iko wapi, atasema ile ya gaju, yaani ya rangi ya ng'ombe wa kahawia anayeng'aa. Bihogo ni yule wa wekundu uliokoza, mzito. Watu pia ni hivyo hivyo. Mimi ni gaju. Semahoro tangu azaliwe ni bihogo.

Mama alinyoosha mkono akagusa kioo.

"Bihogo yangu," akasema.

Wamama wakaanza kulia. Mimi niliangalia duara, lilikuwa limeteleza kidogo kwenye kidevu. Mama hakulia. Alisogea zaidi, akageuza kichwa ili lile bomba lake la kuonea lipite juu ya paji, juu ya macho, juu ya mdomo.

"Analala," akasema.

"Mama Semahoro," baba mdogo akaanza.

"Angalia damu iko mu uso. Angalia mudomo. Miye niliosha baba yake, niliosha mama yangu. Najua mutu mwenye alienda. Uyu hakuenda. Alikuwa na homa, homa ilimulalisha." Akamgeukia baba mdogo. Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Mulimuzika muzima."

Kilio cha wamama kilikatika. Vénant alifanya ishara ya msalaba. Baba mdogo akaniangalia, na nikaona kwamba amekwisha kuelewa.

"Benitha, sema na mama yako."

"Mama, ile ni rangi," nikasema. "Nimeiweka mimi."

"Uliweka rangi ku mutoto yangu?"

"Ndiyo."

"Juu ya nini?"

"Ili umwone."

"Sasa nimemuona," mama akasema. "Bampigie Byiringiro simu. Bafungue kaburi."

Byiringiro ni binamu yetu aliye kule milimani. Maziwa yalibaki kwenye jagi. Watu walitoka mmoja mmoja bila kuaga. Baba mdogo alibaki uani akinyeshewa, kisha akaniita.

"Ulimupaka uzima," akasema. "Nani alikutuma?"

Nilitaka kumwambia kuhusu mstari wa ngozi. Nikaona ni upuuzi, nikaingia ndani.

Oktoba 10

Mama hajalala. Mimi nimelala vizuri. Naliandika hilo ili lijulikane.

Oktoba 12

Nilimwonyesha ile ya mwanzo, ya giza. Akasema hiyo ndiyo mliyoifunika nisione. Nikamwonyesha ile ya zizini kando ya ile ya kitanda, nikamweleza nilivyofananisha. Akasema, unaona, zinafanana. Huwezi kumshinda.

Oktoba 14

Nani aliituma video ya rangi kwenye grupu sijui, labda mmoja wa majirani waliorekodi televisheni. Imefika Kanada, imefika Kenya, imefika kila fasi yenye mtu wetu. Shangazi mmoja kaandika, anaonekana amepumzika vizuri. Mwingine anauliza kama daktari alithibitisha. Byiringiro alipiga, amechoka, akasema alimshika Semahoro mwenyewe, alikuwa baridi na mgumu, na kwamba kule kaburini hakuna anayefika sasa hivi, kuna watu wenye bunduki. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Unaogopa," alimwambia. "Siyo mubaya. Miye siogopi."

Oktoba 17

Mvua nyingi. Vénant ameniambia nisijilaumu. Nikamwambia sijilaumu, sina hata nafasi hiyo, mwili wangu umefungwa kama duka siku ya Jumapili. Akaniangalia vibaya. Afadhali angepiga domo.

Oktoba 20

Nimemkuta mama kwenye steji ya boda, kwa kitenge chake amefunga kifurushi: sweta, dawa ya macho, jembe dogo.

"Unaenda wapi?"

"Nyumbani."

"Mama, huoni njia."

"Nitauliza."

Mwenye boda alikuwa kijana wa watu, amekataa kumbeba na hajui amfukuze vipi. Nilimshika mama mkono, akautoa. Nikamshika tena. Tulisimama pale mvuani tukivutana kimya, na watu wa senta wakituangalia. Jembe dogo lilikuwa la kumfukua mwanawe. Nilielewa kwamba hatanisikiliza leo wala kesho, na kwamba siku moja nitatoka kazini nikute ameshakwenda, kipofu, peke yake, kwenye vita.

"Twende Mbarara kwanza," nikamwambia. "Pale kwa Mbabazi. Nitakuonyesha nilifanya nini, mbele yako, polepole. Ukiona bado analala, nitakusindikiza mimi mwenyewe."

"Apa."

Nikaapa. Na nilimaanisha, kwa vile kwangu yote yalikuwa mamoja.

Oktoba 24

Mbabazi alimletea mama kiti chenye mto. Nilipomwambia kweli kuhusu ndugu yangu, alikaa kitako.

"Bambi, pole," akasema. "Na mimi nasema rudisha kwa mstari. Mimi najua wapi, nyabo? Wewe nasema iko mgonjwa." Kisha akatoka akafunga mlango nyuma yake, akabaki kwenye ngazi.

Nikaujaza uso kioo kizima. Mama alisogea mpaka pumzi yake ikaacha ukungu.

"Analala," akasema.

"Hapa ni pale nilipofikisha. Sasa nitarudi nyuma. Wewe niambie unaona nini."

Nililishika gurudumu la katikati nikaanza kulirudisha, kidogo sana. Mama akanishika kifundo cha mkono, akakaa nacho hivyo, kila nikisogea anasikia.

"Bihogo," akasema. "Bado bihogo."

Nikarudisha.

"Sasa anakuwa gaju. Kama wewe."

Nikapunguza ukolezi. Pembeni niliona vumbi likianza kutoka kwenye mstari. Mdomo ulikuwa wa kwanza kubadilika, ile damu niliyoitia ikaondoka kwenye midomo kuanzia kingoni. Mashavu yakafuata.

"Gaju ya wakati wa jua kali, mwenye hakunywa maji," mama akasema. Sauti ilianza kukauka. "Endelea."

"Mama."

"Endelea, mutoto yangu."

Nikaendelea. Mkono wangu ulikuwa unafanya kazi inayojulikana, robo ya robo, kama ninavyofanya kwa maharusi. Kijani kikarudi mdomoni. Jivu likarudi chini ya macho. Vivuli niliviacha vimeinuliwa, ili aone, na duara nililiacha. Niliondoa uongo peke yake. Mama alikuwa anafungua kinywa kutaja ng'ombe na kukifunga.

"Ngojea," akasema.

Nikasimama.

Alizungusha kichwa, lile bomba likapita paji, macho, mdomo. Alipita tena. Alikuwa akimwosha kwa jicho, sehemu kwa sehemu.

"Iyi rangi haina ng'ombe," akasema.

Aliachia kifundo changu. Akaweka kiganja juu ya kioo, juu ya shavu, akainama mpaka paji lake likagusa, na akalia. Hakupiga kelele. Ilitoka chini kabisa, kwa vipande, na kila kipande kilikuwa jina lake. Nilikaa kando nikashika kipanya. Nilisubiri nami kitu kinitoke, hakikutoka.

Alipotulia alijifuta na kitenge, akauliza, "Na weye, umemuangalia?"

"Namtazama tangu mwezi wa tisa."

"Hapana. Ulikuwa unaangalia mashini."

Nikazima chati ile ya pembeni, nikazima magurudumu, nikaacha uso peke yake. Hawakumnyoa. Walimvalisha koti la baba, kola imekunjika upande mmoja, na hakuna aliyeinyoosha. Yeye alikuwa hawezi kuvumilia kola iliyokunjika, alikuwa akinirekebishia mpaka ya sare ya shule, mlangoni, kila asubuhi, huku mimi namsukuma. Niliangalia kola ile muda mrefu.

Oktoba 25

Tumerudi. Njia nzima mama alishika mkono wangu.

Oktoba 28

Kilio kimekwisha. Watu walikuja, maziwa yakanywewa. Baba mdogo aliomba ombi fupi, kwake ni nadra. Alinipa kikombe mimi kabla ya wakubwa. Maharage yamechelewa, mvua iliyobaki haiyatoshi. Jirani ametupa miche ya viazi vitamu.

Oktoba 30

Tumepanda viazi, mama anapapasa tuta kwa mkono kabla ya kuchomeka mche. Mimi bado nimefungwa. Mikono inauma, hilo nalisikia.

Novemba 2

Video ya rangi bado inazunguka. Leo mtu wa Kenya tusiyemjua ameiwekea wimbo. Nilimwambia mama. Hakukasirika, alimwomba baba mdogo amshikie simu yake mdomoni, kisha akaniambia niende zangu kuchota maji, ana mambo ya kusema na familia yake na hataki nimsikilize.

Niliusikia ujumbe wake kwenye simu yangu, nikiwa foleni ya bomba la maji, pamoja na ukoo mzima.

"Miye Mukandayisenga, mama ya Semahoro. Semahoro alikufa. Nilimuona, nilimulia, kilio iliisha. Ile video yenye damu mu uso, muifute mu matelefone yenu yote, sitaki kuisikia tena. Na musimugombeze Benitha. Batu banasema alikosea mu kazi. Hakukosea. Alipewa kaka yake amekwisha kuwa baridi, akatafuta namna ya kumupasha moto, na hakukuwa mutu wa kumuambia aache. Minasema ni mapendo. Basi."

Niliurudia. Mwanamke wa nyuma akaniambia, dada, mtungi wako umejaa, unamwagika. Nilimsikia vizuri. Nilitaka kumwambia samahani, nikafungua mdomo, na kilichotoka ni kwamba kaka yangu amekufa. Nilimwambia mtu nisiyemjua, nimeshika simu, maji yanapita juu ya miguu yangu. Amekufa, nikamwambia tena. Akafunga bomba, akaweka mtungi wake chini, akanishika, na nikamlilia begani.